Jibu: Ule weusi kwenye keris si kutu

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini keris, yaani visu vya jadi vya Kijava, za Museum Keris Nusantara, makumbusho ya kule Solo kwenye kisiwa cha Java, Indonesia, ni vyeusi na vina michirizi kana kwamba vimeliwa na kutu, na kwa nini wasivisugue tu ving'are. Wakivisugua wameviharibu.

Mhunzi wa keris hukunja chuma cha kawaida pamoja na chuma chenye nikeli, anafua, anakunja tena. Kisha ubavu husafishwa kwa ndimu na kupakwa aseniki. Chuma kinageuka cheusi, nikeli inabaki nyeupe kama fedha. Hiyo michirizi, wenyewe wanaiita pamor, ndiyo thamani yenyewe. Kasri la Solo lina hata kipande cha kimondo kilichoanguka karibu na Prambanan, na wahunzi walikimega kupata nikeli.

Kuoshwa huko hufanyika hasa mwezi wa Suro, ambao ni Muharram wetu huu huu. Jina limetokana na Ashura. Ukiiona keris yenye mawimbi, hesabu: mikunjo huwa witiri, 3, 5, 7 na kuendelea. Zilizonyooka nazo zipo nyingi tu.

Makumbusho yenyewe ni changa, Joko Widodo aliyafungua Agosti 2017 akiwa rais wa Indonesia (kabla alikuwa meya wa mji huo huo).

Ila usijaribu kwenye jambia la babu. Aseniki ni sumu; lifute vumbi kwa kitambaa kikavu, lipake mafuta kidogo, lirudishe kwenye ala yake.