Usifungue geini yote ya ampu, mimi nilichoma twita mbili (zile spika ndogo za sauti nyembamba) hivyo

Buda wa Nakuru, toa mkono kwa hiyo geini kwanza, ile nobu ya ampu inayoamua sauti inayoingia ikuzwe kiasi gani. Umeuliza sauti iwekwe wapi ukiunga risiva (ile ya kuingiza dekoda na simu, yenye voliumu ya rimoti) na ampu ya pembeni ya kusukuma spika, halafu ukamalizia ati muuzaji amekwambia fungua geini mpaka mwisho, sauti utaendesha na rimoti. Maneno hayohayo niliuziwa hapa Kisumu na bado yananiuma.

Ampu yangu ni ile aina ya kanisani, ya wati 300 kila upande, spika ni za wati 100. Nikafungua geini yote. Wiki ya kwanza poa tu, rhumba ya chinichini, risiva imeandika -45 (ni desibeli, ikikaribia sifuri ndio sauti inapanda). Jumamosi wageni wakajaa, binamu yangu akapandisha mpaka -18, na mimi nikaangalia hiyo namba nikasema bado tuko mbali, maana yule jamaa aliyeniuzia ampu aliniambia bora isifike sifuri. Kumbe hiyo namba ni ya risiva, ampu haiijui! Ampu ile inataka volti 0.775 tu kutoa nguvu yake yote, na hiyo risiva inaifikisha mapema sana. Taa nyekundu ya ampu, ya kuonya kwamba imefika mwisho, ilikuwa inawaka kwa kila mpigo wa ngoma, mimi nikadhani inafuata muziki. Sauti ikifika hapo inakatwa kichwa, inazaa ukali wa juu, na huo ukali wote unaenda kwa twita. Kesho yake tukafungua spika na fundi: waya wa koili, mwembamba kama unywele, umekatika na kuwa mweusi, harufu ya vanishi iliyoungua. Twita zote mbili. Nikarudi dukani, jamaa akaniambia spika zangu ni feki. Feki! Spika zimelia kwangu miaka sita bila hata kukwaruza, siku moja ya ushauri wake ndio zinageuka feki?

Sasa shika hii moja: geini huanzia chini kabisa na ndiyo huguswa mwisho. Washa risiva, ngoja kidogo, ndio uwashe ampu. Weka wimbo unaoujua kutoka kwa kile chombo chenye sauti kubwa zaidi, kwangu ni dekoda, simu sauti yake ni ndogo kuliko hiyo. Pandisha risiva mpaka pale ambapo hutaki mtu apite, tuseme -15, ndio uanze kufungua geini polepole, na ukisikia ukali kidogo tu, rudi nyuma, uache hapo. Usingoje taa kama ampu ina wati nyingi kuliko spika, spika itaungua taa haijawaka. Halafu ingia menyu ya risiva ufunge voliumu ya juu palepale -15, kwa sababu binamu hawasomi namba. Mimi nobu ya geini nimeipiga alama na rangi ya kucha ya mke wangu, mtu akiigusa najua. Kuzima, ampu ndio ya kwanza, na stima ikipotea zima swichi yake kabla irudi.

Ukimaliza niandikie risiva inasoma ngapi na nobu iko wapi, lakini usiite wageni kabla sijakujibu.