Picha Moja Yatosha: Maswali Yenu Kuhusu Watoto na Programu za Makumbusho

Mwanangu wa miaka 6 hufungua picha hamsini kwa dakika tano, kisha anasema makumbusho yameisha. Nifanyeje?

Mfungulie moja tu. Mimi huanza na Michezo ya Watoto, mchoro wa Pieter Bruegel wa mwaka 1560, ulioko Kunsthistorisches Museum, Vienna. Mna watoto zaidi ya 200 humo, na michezo kama 80. Usimhutubie. Mwambie atafute anayetembea kwa mironjo, halafu waliopanda pipa kama farasi. Avute picha karibu kwa vidole viwili, taratibu, mpaka kona ya chini kushoto, wanakorusha na kudaka vifupa. Yupo pia mtoto anayechokoa kinyesi kwa kijiti. Akishamwona huyo, kumbandua hapo ni kazi yako wewe.

Programu nyingi zinakosea hapa: kitufe cha kwenda picha inayofuata kinameremeta kuliko mchoro wenyewe.

Binti yangu alipoiona Mona Lisa ana kwa ana alinuna: "Kumbe kadogo hivi!" Tumlaumu nani?

Skrini. Humo picha zote zina kimo kimoja. Mona Lisa ina sentimita 77 kwa 53, karibu sawa na mto wa kulalia. Lindo la Usiku la Rembrandt, la mwaka 1642, lina karibu mita 3.8 kwa 4.5. Kabla hamjafungua picha, chukueni kamba mpime sakafuni, kisha mtoto alale ndani ya mstatili huo. Sebule isipotosha, tokeni nje. Baada ya hapo hata picha ya kwenye simu ataitazama kwa jicho jingine.

Ninunue programu ya kulipia?

Maliza kwanza za bure. Metropolitan Museum of Art ya New York iliruhusu mwaka 2017 picha zake nyingi zitumiwe na yeyote bila malipo. Rijksmuseum ya Amsterdam imeweka picha ya Lindo la Usiku yenye pikseli bilioni 717. Unasogea mpaka unaona nyufa za rangi.

Je, michezo ya kupaka rangi michoro maarufu inafundisha sanaa?

Inafundisha kujaza nafasi. Mpe penseli na karatasi.

Mjukuu wangu aliona sanamu ya Daudi ya Michelangelo kwenye tableti, akacheka uchi wake hadi nikaifunga. Nilikosea?

Shikamoo. Kucheka si kosa, mwache acheke kwanza. Kisha ifungue tena umuulize: uzito umelalia mguu gani? Ni wa kulia. Wa kushoto umelegea, na nyonga zimepinda kidogo. Mwambie asimame vivyo hivyo, bila kutikisika, huku wewe ukihesabu. Kabla hujafika mia moja atakuwa ameanza kulalamikia mguu.