Kushusha gari linalovuta kwa magurudumu manne kutoka kwenye brekidauni

SWALI: Mafundi, salaam. Subaru Forester yangu otomatiki iliharibika Kibaigwa, ikabebwa na brekidauni la bodi (lori lenye jukwaa la kubebea gari) hadi Ilazo, Dodoma. Wakati wa kushusha, dereva aliinamisha bodi, matairi ya nyuma yakagusa chini, kisha akasogeza lori mbele hadi gari likachomoka. Chini palisikika mkwaruzo. Je, mfumo wa kuvuta kwa magurudumu manne umeumia? Na njia sahihi ni ipi? – Msomaji, Ilazo

JIBU: Una haki ya kuhofu. Lori linapotoka chini ya gari, matairi ya nyuma yamesimama ardhini huku bodi likiyazungusha ya mbele. Mbele na nyuma zimeunganishwa kwa propela (shafti ndefu chini ya gari), hivyo tofauti hiyo lazima imezwe mahali fulani. Kwenye Forester otomatiki ni klachi ya sahani nyingi iliyo nyuma ya giaboksi. Injini ikiwa imezimwa pampu haisukumi oili, klachi inalegea, na mita mbili tatu za mwendo wa kutambaa kwa kawaida haziidhuru. Hatari ni gari kuwa kwenye P (gia ya kuegesha). Hapo shafti ya giaboksi inafungwa na kipande kidogo cha chuma, na nguvu yote ya lori inaishia kwenye kipande hicho.

Kuhusu mkwaruzo, anza kukagua bampa ya nyuma na bomba la moshi, maana hugusa bodi linapoinama. Angalia pia kama oili inavuja kwenye giaboksi na difu. Gari likishapona, kata usukani hadi mwisho kwenye lami kavu, tembea polepole. Likijivuta na kurukaruka, klachi imeng'ang'ania. Lakini kabla ya kulaumu brekidauni tazama matairi: mapya yaliyochanganywa na yaliyoisha huleta dalili hiyohiyo.

Njia sahihi ni lori kusimama na gari ndilo litembee. Chagua ardhi ngumu na tambarare; kwenye mchanga, tairi la kwanza kushuka linazama. Kaza waya wa winchi (mashine ya lori ya kuvutia gari) kwanza, ndipo ufungue mikanda. Washa swichi ili usukani usijifunge, weka N (gia huru), shusha handibreki. Bodi lirudishwe nyuma, liinamishwe taratibu, kisha waya uachiwe kidogo kidogo: matairi yote manne yanazunguka kwa kasi moja na klachi haina cha kumeza. Mizunguko isiyopungua mitano ya waya ibaki kwenye ngoma ya winchi. Asisimame mtu nyuma ya gari wala kwenye mstari wa waya, na breki ya mguu usiitegemee, kwani bila injini inakuwa ngumu. Weka kabari kwenye matairi kabla ya kufungua ndoano.

Betri ikiwa imekufa, Toyota nyingi za otomatiki zina kitufe au kifuniko cha SHIFT LOCK (cha kuachia gia iliyofungwa kwenye P) karibu na gia: bonyeza kwa bisibisi huku ukivuta kwenda N. Handibreki ya umeme inahitaji kuunganishiwa betri nyingine ya volti 12. Tairi likigoma kabisa kuzunguka, liwekewe plastiki ngumu ya kutelezea, usiliburute.

Gari likivutwa kwa pete ya kuskrubu kwenye bampa, iskrubu hadi ikome, kisha ikaze kwa spana ya magurudumu. Ikishika nyuzi chache tu inachomoka, nayo hurushwa pamoja na waya.