Manowari, wanamaji na kufa maji: maneno ya filamu za vita

SWALI: Tunaandaa maelezo ya Kiswahili kwa filamu za Uingereza za Vita Kuu ya Pili, zile za kuwatia wananchi moyo. Mwenzangu ameandika: "Manowari Torrin ilizama, mabaharia wakazamia, na watu wa mbele ya nyumbani wakahuzunika." Anasema manowari ni ile iendayo chini ya maji. Je, yuko sahihi? Na tuziite filamu za propaganda au za kasumba?

JIBU: Neno ni sahihi, sababu yake siyo. Manowari ni meli ya kivita. Iendayo chini ya maji ni nyambizi. Kumbukeni kupiga mbizi, hamtakosea. Torrin ni meli ya kubuni katika filamu ya In Which We Serve (1942), iliyoigwa kutokana na HMS Kelly, manowari ambayo ndege za Ujerumani ziliizamisha karibu na kisiwa cha Krete Mei 1941. Ngeli yake ni I-ZI: manowari hii, manowari hizi. "Manowari haya" ni kosa, maana ile ma- si ya wingi.

Kitenzi ndicho kinachotaka uangalifu zaidi. Kuzama hakumtaji mtendaji. Hata mtumbwi uliotoboka huzama. Kuzamishwa kunamdai aliyefanya, na filamu hii haitaki mtazamaji amsahau. Manusura wanang'ang'ania chelezo, ndege zinarudi kuwamiminia risasi, nao wanawakumbuka wake na mama zao. Ukiandika "ilizama" tu, adui ametoweka kwenye sentensi.

"Wakazamia" ondoeni kabisa. Tanzania, aliyezamia meli ni aliyejificha ndani yake ili asafiri bila ruhusa. Aliyezama akafa, amekufa maji.

Mabaharia ni wafanyakazi wa melini kwa jumla. Askari wa baharini ni wanamaji. Tofauti hii ina uzito hapa, kwa sababu filamu ya Western Approaches (1944) ilichezwa na mabaharia wenyewe wa meli za biashara. Hao msiwaite wanamaji.

"Mbele ya nyumbani" ni Kiingereza (home front) kilichovalishwa kanzu: msomaji ataona watu wamesimama uani. Semeni raia waliobaki nyumbani. Wala msidhani walikuwa salama. Katika In Which We Serve, mke wa mwanamaji mmoja anauawa na mabomu mjini Plymouth ilhali mumewe yuko baharini.

Propaganda libaki propaganda, linaeleweka. Kasumba ni hukumu: inadai kwamba mtazamaji amelevywa akili. Uenezi nao ni mpole mno, umezoeleka katika kazi za vyama vya siasa.

Sentensi yenu iwe hivi: "Manowari Torrin ilizamishwa na ndege za Ujerumani, wanamaji wengi wakafa maji, na raia waliobaki nyumbani wakaingiwa na huzuni."