Jeni nzima, ila haiwaki

SWALI: Shikamoo dokta. Mwaka huu nimepimwa damu mara tatu, na kila nikipewa karatasi kwenye neutrofili (aina ya chembe nyeupe za damu) naona 1.2 na herufi L pembeni, yaani ziko chini, wakati mimi siumwi na shambani naenda kama kawaida. Ukimwi nimepima, sina. Dokta wa mwisho kanambia nisihangaike, ni mambo ya jeni ya Duffy, eti ipo nzima ila haiwaki. Inakuwaje hiyo? Na wanangu je?
Msomaji, Muheza

JIBU: Marahaba. Kwanza ni jeni, siyo jini, usije ukakimbilia kwa mganga bure.

Iko hivi, jeni ya Duffy ni maelekezo ya kutengeneza protini inayokaa juu ya seli, nayo inaitwa Duffy. Sasa mbele ya kila jeni kuna kipande cha DNA kinaitwa promota, chenyewe hakitengenezi kitu, kazi yake ni kushikwa. Kwenye uboho, seli zinazozaa chembe nyekundu zina protini inaitwa GATA-1, inatafuta herufi zake kwenye promota, ikizipata inang'ang'ania hapo na jeni inaanza kusomwa. Kwako herufi moja tu, T, imekuwa C. GATA-1 inakosa pa kushika, basi, chembe nyekundu zinatoka bila Duffy. Ila kuta za mishipa midogo hazitumii GATA-1, zenyewe Duffy zinatengeneza kama kawa! Ndo maana dokta wako kasema jeni ni nzima, na hakukudanganya. Watafiti wa Ufaransa waliligundua hili 1995.

Duffy kazi yake ni kudaka zile kemikali zinazoita chembe nyeupe kwenye kidonda au maambukizi. Isipokuwepo kwenye chembe nyekundu, neutrofili nyingi zinahamia kwenye tishu badala ya kuzunguka na damu, kwa hiyo sindano inakuta chache, lakini zipo. Tena malaria ya vivax huwa inaingilia kwenye hiyohiyo Duffy, kwako inapata shida sana kuingia. Usifurahi sana lakini, malaria yetu huku ni falsiparamu na hiyo ina milango mingine kibao, chandarua kibaki palepale.

Omba upimwe grupu ya damu ya Duffy, majibu yakitoka yaandikwe kwenye faili lako, asije dokta mwingine akakupunguzia dawa au kukutoboa uboho kwa sababu ya hiyo L.

Wanao lazima warithi hiyo C kwako na kwa mama yao pia ndo wawe kama wewe. Na kwa kuwa Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara wanayo, ukimpima shemeji usishangae.