Wasomaji Wanauliza: Sindano haijafika, na santuri za baba zinangoja

SWALI: Niliagiza sindano ya mashine ya santuri kwa intaneti, kutoka China. Wiki tatu sasa ukurasa wa kufuatilia mzigo hausogei. Baba aliniachia santuri za zamani, zikiwemo za mpiga gitaa Mwenda wa Bayeke. Je, nizipige kwa sindano iliyopo? Na nizisafishe kwa alkoli?
Msomaji, Katuba, Lubumbashi

JIBU: Alkoli hapana, ndugu yetu. Tafadhali, hata tone.

Nyimbo za kwanza za Mwenda zilirekodiwa na Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo, zikatolewa kwenye santuri za mizunguko 78 kwa dakika. Santuri hizo ni nzito, ngumu, na zikianguka zinavunjika. Nyingi zimetengenezwa kwa shelaki, utomvu wa wadudu, na alkoli huuyeyusha. Chukua lita moja ya maji ya uvuguvugu na tone moja la sabuni ya vyombo. Pangusa kwa kitambaa laini ukifuata mzunguko wa mifereji, bila kulowesha karatasi ya katikati. Suuza kwa maji safi, kausha kwa kitambaa kingine, kisha isimamishe kivulini mpaka ikauke kabisa. Msimu wa vumbi ukianza, usiziache nje ya mifuko yake.

Kuhusu sindano, angalia ile uliyoagiza. Mashine nyingi mpya zina kitufe cha 78, lakini sindano yake ni ya santuri za plastiki, ncha yake ina nusu-kipenyo cha mikroni 18 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Mfereji wa 78 unataka ncha ya mikroni 76 hivi. Ile nyembamba inazama hadi chini, inachimbua uchafu, na unasikia mkwaruzo kuliko gitaa. Kwa hiyo subiri. Na kama uliyoagiza si ya 78, agiza nyingine inayoingia kwenye kichwa cha mashine yako.

Sasa mzigo. Soma mstari wa mwisho wa ukurasa. Ukisema tu kwamba muuzaji ameandaa taarifa, basi bado hajaupeleka posta: mdai leo. Ukisema umetoka China, ukimya ni kawaida, maana gunia halisomwi tena mpaka lifunguliwe huku. Namba ya posta ina herufi 2, tarakimu 9, herufi 2. Ijaribu pia kwenye tovuti ya kimataifa ya kufuatilia vifurushi. Lililo kubwa ni tarehe ya mwisho ya ulinzi wa mnunuzi. Muuzaji atakuomba uvumilivu kwa maneno matamu. Wewe fungua malalamiko kabla ya tarehe hiyo, humo humo kwenye tovuti uliyonunulia, maana ikipita pesa hairudi.

Safari ijayo andika sanduku la posta na simu inayoanza na +243, si jina la barabara peke yake. Ukipitia wakala wa mizigo, anapokupa randevu muulize ndege inaondoka lini, na kiwango cha chini cha kilo anachotoza. Sindano ina gramu chache tu, na unaweza kulipishwa kilo nzima.