Re: Hivi ni kweli zebaki ilikuwa dawa?

Mkuu umeuliza kama kweli watu wa zamani walikuwa wanatumia zebaki kama dawa, yaani hii hii wachimbaji wadogo wa Geita wanayokamatia dhahabu. Ni kweli kabisa na sio sehemu moja tu.

Uchina kuna mfalme Qin Shi Huang, alihangaika sana na dawa ya kutokufa, akafa mwaka 210 kabla ya Kristo, na mwanahistoria Sima Qian kaandika kwamba kaburini waliweka mito ya zebaki, sasa wataalamu walipopima udongo wa pale wakakuta zebaki iko juu kweli. Kwa Waarabu, maandishi ya Jabir ibn Hayyan, mwanaalkemia wa zamani (hao wa kutafuta kugeuza metali kuwa dhahabu), yanasema metali zote zimetokana na zebaki na salfa, kwahiyo ukipatia vipimo unapata dhahabu. Usiwashangae, metali inamwagika kama maji na inameza dhahabu!

Ila kinachoniuma mimi ni Ulaya. Kaswende ilipolipuka miaka ya 1490 wagonjwa wakawa wanapakwa zebaki na kufukizwa moshi wake, ufizi unaoza, meno yanadondoka, mate yanatiririka mchana na usiku, na daktari anafurahi eti ugonjwa unatoka, kumbe ni sumu ya zebaki yenyewe. Ikaenda hivyo miaka 400 mpaka ilipokuja dawa mpya ya kaswende, Salvarsan, 1910. Na vichanga je, Uingereza walipewa poda ya kuota meno yenye kalomeli, yaani chumvi ya zebaki, vidole vinakuwa vyekundu, wengine wakafa, imekuja kuondolewa 1954, yaani bibi yangu tayari ana watoto.